Usingizi uliopotea miezi saba: jibu kwa mwalimu wa Tanga

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina umri wa miaka 46. Huu ni mwezi wa saba sipati usingizi. Naingia kitandani saa tatu usiku ili nipumzike vya kutosha, lakini usingizi haunichukui hadi saa tano. Saa nane usiku naamka nimelowa jasho, nabaki macho mpaka saa tisa na nusu, kisha napitiwa kidogo, na saa kumi na moja naamka kwa sala ya alfajiri. Mchana nasinzia darasani. Nikirudi nyumbani nalala saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja jioni. Baada ya magharibi hunywa vikombe viwili vya chai ya rangi nikisahihisha madaftari kitandani. Jumamosi na Jumapili hurudi kulala baada ya sala hadi saa tatu asubuhi ili kufidia. Nimetumia piritoni vidonge viwili kila usiku, na sasa havinisaidii tena. Binamu yangu wa Muscat ameniletea vidonge vya melatonini, jirani ananishauri kungumanga. Sitaki kuzoea dawa. Je, ipo njia ya asili, na ni lazima nilale saa 8?

Jibu: Marahaba, Mwalimu, na pole kwa miezi saba ya kukesha bila kupenda. Nakushukuru kwa kuandika saa zako kwa uangalifu, kwa sababu nusu ya jibu imo ndani yake. Ukizijumlisha utaona kwamba kila usiku unakaa kitandani muda wa saa 8, lakini unalala saa 4 na nusu tu. Saa 2 nyingine unazilala alasiri. Kwa mchana na usiku mzima, basi, mwili wako unapata saa 6 na nusu za usingizi. Hazitoshi, lakini huo si mwili uliosahau kulala. Ni mwili ambao usingizi wake umetapanyika, kidogo alasiri, kidogo usiku wa manane, kidogo Jumamosi asubuhi, na kazi iliyo mbele yetu ni kuukusanya urudi usiku. Nikuambie mapema jambo ambalo wagonjwa wangu wengi hulipokea kwa mshangao: sitakushauri uingie kitandani mapema zaidi, nitakushauri uchelewe.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu hofu ya kutofikisha saa 8 ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Mwaka 2015 jopo la wataalamu wa usingizi nchini Marekani lilipitia ushahidi uliokuwapo na kukubaliana kwamba mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi kwa usiku ili afya yake isidhurike. Watoto unaowafundisha wanahitaji kati ya saa 9 na 12, na vijana wa sekondari kati ya saa 8 na 10, jambo ambalo wazazi na sisi wote tunaowaamsha watoto gizani kwa ajili ya masomo ya ziada tungepaswa kulifikiria kwa uzito kuliko tunavyofanya. Kwa mtu mzima, hata hivyo, idadi peke yake haitoshi kuwa kipimo. Ninachouliza zaidi ni kama unaamka ukiwa na nguvu, kama unaweza kukaa katika chumba tulivu saa tano asubuhi bila kope kuwa nzito, na kama usingizi wako unashikamana au umekatikakatika. Wako umekatikakatika, na hilo ndilo la kutibu.

Nchini mwetu kuna watu wanaoweza kutufundisha kitu hapa. Mwaka 2015 kundi la watafiti, akiwamo Jerome Siegel wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, lilichapisha vipimo vya usingizi wa Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, pamoja na Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, ambao wote huishi bila taa za umeme. Wengi wetu tungedhani kwamba watu hao hulala jua linapozama na kupata saa 9 au 10. Haikuwa hivyo. Walilala kwa wastani wa kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, na usingizi uliwachukua takriban saa 3 na dakika 20 baada ya jua kuzama. Kwa Tanga, ambako jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni, huo ungekuwa wakati unaokaribia saa nne usiku. Wewe, Mwalimu, mwenye taa, kazi na madaftari, unajilazimisha kulala mapema kuliko watu wanaofuata giza la asili. Miaka miwili baadaye mtafiti David Samson na wenzake walipima usingizi wa Wahadzabe watu wazima 33 kwa siku 20, na katika siku zote hizo muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja haukuzidi dakika 18. Karibu wakati wowote wa usiku alikuwapo angalau mmoja aliye macho au anayesinzia tu. Kuamka usiku, kwa hiyo, si dalili kwamba kitu kimevunjika ndani yako.

Sasa tuone usingizi unaletwa na nini, maana ushauri nitakaokupa utaonekana mgumu na usio na sababu kama hujui msingi wake. Mwaka 1982 mwanasayansi Alexander Borbély wa Zurich alieleza kwamba usingizi unatokana na nguvu mbili zinazofanya kazi kwa pamoja, na maelezo yake ndiyo tunayoyategemea hadi leo.

Nguvu ya kwanza ni mzigo wa kukesha. Tangu unapoamka, seli za ubongo zinapotumia nishati hukusanya kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyoongezeka ndivyo hamu ya kulala inavyokua. Unapolala, mzigo huo hupungua taratibu. Ni kama njaa: anayekula mlo kamili saa kumi na moja jioni hawezi kulalamika kwamba saa moja baadaye chakula hakimpandi. Ukilala saa 2 nzima alasiri, unafika saa tatu usiku ukiwa umekesha saa 4 tu tangu ulipoamka. Mwili hauna sababu ya kulala. Chai inakuja juu ya hapo. Kafeini haikupi nguvu mpya. Inakwenda kukaa mahali ambapo adenosini ingekaa, hivyo ubongo hausikii uchovu wake wenyewe. Kwa mtu mzima wa kawaida nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya saa 5 hivi, na kwa mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango muda huo unaweza kufika mara mbili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanyika Detroit, watu waliopewa miligramu 400 za kafeini, ambazo ni kama vikombe vinne vya kahawa, walipoteza zaidi ya saa 1 ya usingizi hata kama waliitumia saa 6 kabla ya kulala, na wengi wao hawakutambua hasara hiyo. Chai ya rangi ina kafeini kidogo kuliko kahawa, takriban miligramu 30 hadi 50 kwa kikombe, lakini vikombe viwili baada ya magharibi kwa mtu ambaye usingizi wake tayari ni dhaifu havikosi kuonekana. Chai yako ihamie asubuhi, na kikombe cha mwisho kiwe kabla ya adhuhuri. Jioni kunywa mchaichai au tangawizi ikiwa unapenda kitu cha moto pamoja na andazi lako.

Nguvu ya pili ni saa ya mwili. Katika sehemu ya ubongo iitwayo hipothalamasi, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapokutana, kuna kifundo kidogo cha seli kinachopanga joto la mwili, homoni, njaa na usingizi kwa mzunguko wa takriban saa 24. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua jinsi seli zenyewe zinavyohesabu muda huo. Saa hii haiendi sawasawa na siku kamili, kwa hiyo lazima irekebishwe kila siku, na kirekebishi chake kikuu ni mwanga wa asubuhi unaoingia machoni. Giza linapoingia, tezi ndogo ndani ya ubongo humwaga melatonini, ambayo kazi yake ni kuutangazia mwili kwamba usiku umefika.

Hapa sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna bahati kubwa. Jua letu huchomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi mwaka mzima, kwa tofauti isiyofika saa 1 kati ya mwezi na mwezi, wakati mtu wa Stockholm, kaskazini mwa Ulaya, anapita majira ambayo mchana wake ni wa saa 6 hivi tu. Hata hesabu yetu ya saa inaanza pale jua linapochomoza. Tunacho kirekebishi cha uhakika mlangoni, lakini wewe siku mbili kila wiki unarudi kitandani na kufunga mapazia hadi saa tatu asubuhi, na kwa saa ya mwili hilo ni sawa na kusafiri kwenda nchi nyingine kila Ijumaa usiku na kurejea Jumatatu. Usingizi wa kufidia wa Jumamosi ndio unaokufanya ukeshe Jumapili usiku.

Kutokana na hayo, jambo la kwanza na la muhimu kuliko yote ni saa moja isiyobadilika ya kuamka. Sala ya alfajiri tayari imekupa saa hiyo, na sijui nidhamu nzuri zaidi kwa saa ya mwili kuliko hiyo. Amka saa kumi na moja kila siku, ikiwamo Jumamosi, Jumapili na sikukuu, hata kama usiku uliotangulia ulikuwa mbaya, kisha usirudi kitandani. Jua linapochomoza toka nje, fagia uwanja, mwagilia maua, au tembea kwenda kununua mkate, angalau dakika 30 bila miwani ya jua. Mwanga wa ndani ya nyumba, hata dirisha likiwa wazi, ni dhaifu mno ukilinganishwa na ule wa nje.

Jambo la pili ndilo gumu. Kwa muda wa majuma mawili ya kwanza usiingie kitandani kabla ya saa tano usiku. Najua unavyohisi ukisoma hivyo: mtu anayelala saa 4 na nusu anaambiwa akae macho zaidi. Lakini tazama hesabu. Kwa sasa unalala asilimia 56 tu ya muda unaokaa kitandani, na ile iliyobaki ndiyo inayokufundisha kuogopa kitanda. Ukiingia saa tano na kuamka saa kumi na moja, una nafasi ya saa 6, na kwa kuwa usingizi wa alasiri utakuwa umeuacha, mzigo wote wa kukesha utaelekezwa katika nafasi hiyo moja. Mtindo huu wa kubana muda wa kitandani ulielezwa na Arthur Spielman na wenzake mwaka 1987, na ni mojawapo ya nguzo za tiba ya mazoea na fikra kwa wasiopata usingizi, ambayo tangu mwaka 2016 Chuo cha Madaktari wa Marekani kimependekeza iwe tiba ya kwanza kwa kila mtu mzima mwenye tatizo sugu, kabla ya kidonge chochote. Tatizo sugu ni lile linalotokea angalau usiku 3 kwa wiki kwa miezi 3, na wewe umeshavuka mpaka huo. Utakapoona kwamba kwa wiki nzima unalala wastani wa zaidi ya saa 5 na dakika 6 kati ya zile 6, yaani asilimia 85, ongeza dakika 15 kwa kuingia saa tano kasoro robo. Wiki inayofuata, hali ikiendelea hivyo, ongeza nyingine 15. Endelea hivyo hadi utakapofika kiwango kinachokuacha na nguvu mchana. Usipunguze kamwe chini ya hizo saa 6 nilizokupangia, na usianze wiki ya mitihani. Kama unaendesha pikipiki au gari, katika majuma hayo ya mwanzo panda daladala, kwa sababu utasinzia zaidi kabla hujapata nafuu. Mtu mwenye kifafa, mwenye historia ya kupanda na kushuka kwa hisia kupita kiasi, au anayeendesha basi au lori asijaribu njia hii bila daktari anayemfuatilia.

Usingizi wa mchana si adui. Kailula ya wazee wetu, kujinyoosha kidogo baada ya adhuhuri, ni desturi njema kwa mtu anayelala vizuri usiku, mradi isizidi dakika 20 na isivuke saa nane mchana. Kwako itasubiri hadi usiku utakapotulia. Saa tisa alasiri, usinzizi unapokuja, usikae kwenye kochi. Toka nje au fanya kazi inayokulazimu kusimama.

Jambo la tatu linahusu kitanda chenyewe. Mwaka 1972 mwanasaikolojia Richard Bootzin alieleza kwamba mtu asiyepata usingizi hujifunza, bila kujua, kukihusisha kitanda na kukesha. Wewe umesahihisha madaftari hapo, umejibu ujumbe wa makundi ya wazazi hapo, umehesabu madeni hapo, na umegaagaa hapo miezi saba. Si ajabu kwamba unasinzia kwenye kiti sebuleni lakini macho yanakuwa makavu mara kichwa kinapogusa mto. Kuanzia leo madaftari yahamie mezani na simu ilale chumba kingine. Kitanda kibaki kwa usingizi na kwa tendo la ndoa. Ukiingia na kuhisi kwamba zimepita kama dakika 20 bila usingizi, inuka. Wengi huniambia kwamba hawana pa kwenda, kwa sababu watoto wamelala sebuleni. Basi weka kiti pembeni mwa chumba hichohicho, taa iwe hafifu, na ufanye jambo tulivu lisilo na mwisho wa haraka, kama kusuka ukili au kuvuta tasbihi. Rudi kitandani kope zinapokuwa nzito, hata kama itakubidi kufanya hivyo mara tatu kwa usiku. Ukipenda kusali katika saa hizo, sali, kwani tayari umeshatoka kitandani. Saa ya ukutani igeuze isikuoneshe uso. Anayehesabu usiku umebaki muda gani anaamsha moyo wake kwa mikono yake mwenyewe.

Kuhusu kuamka kwako saa nane, ni vizuri ujue umbo la usiku. Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, minne hadi sita kwa usiku. Usingizi mzito kabisa, ule wa kulala fofofo, uko zaidi katika theluthi ya kwanza. Usingizi wa ndoto, ambao Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman waliutambua mwaka 1953 katika Chuo Kikuu cha Chicago, hurefuka kuelekea alfajiri. Mwishoni mwa kila mzunguko mtu hukaribia kuamka. Anayelala vizuri hugeuka upande na kusahau. Aliyezoea kuogopa hufungua macho na kuanza kuwaza. Aidha, usingizi mzito hupungua kadiri umri unavyosonga, hivyo usijipime kwa jinsi ulivyolala ukiwa na miaka 20. Kwa mawazo ya kazi, jaribu hili: saa mbili usiku, mezani, andika kwa dakika 5 mambo yote unayotakiwa kuyafanya kesho, kwa kina kadiri uwezavyo. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Baylor lililochapishwa mwaka 2018, vijana walioandika orodha ya mambo yaliyowasubiri walilala mapema kwa dakika 9 hivi kuliko wale walioandika waliyokwisha kuyamaliza. Faida yenyewe ni ndogo, lakini haina gharama.

Tuje kwenye jasho, kwa sababu hapo siwezi kukuachia njia za nyumbani peke yake. Inawezekana kabisa kwamba ni joto. Mwili hulala unapopoa, na wakati wa Kaskazi nyumba ya bati yenye madirisha madogo haipoi hadi usiku wa manane. Oga maji ya uvuguvugu saa 1 au 2 kabla ya kulala. Mishipa ya mikono na miguu hutanuka, joto la ndani hutoka, na mwili hushuka joto wakati unaofaa. Tumia shuka la pamba, na kama una godoro la sponji linalohifadhi joto, tandika mkeka juu yake au rudi kwenye godoro la sufi. Feni ielekezwe kwenye chandarua ipenyeze upepo, lakini chandarua chenyewe usikiondoe, maana mbu waenezao malaria huuma zaidi usiku wa manane, na homa moja ya malaria itakugharimu usingizi mwingi kuliko joto la chandarua.

Hata hivyo, kwa mwanamke wa miaka 46 jasho la usiku linalokuja ghafla, likifuatana na joto linalopanda kifuani na usoni, mara nyingi ni mwanzo wa safari ya kukoma hedhi. Tazama kama siku zako zimeanza kusogea, kuruka mwezi au kubadilika wingi. Ikiwa ni hivyo, si ugonjwa, na tiba ipo; pia utafiti wa mwaka 2016 kwa wanawake wa umri wa miaka 40 hadi 65 wenye joto hilo ulionesha kwamba njia hizi za kubana kitanda na kubadili mazoea ziliwasaidia kulala ingawa joto lenyewe liliendelea. Sababu ya tatu ndiyo inayonifanya nisisitize uende kituo cha afya wiki hii: jasho la usiku pamoja na kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni au kupungua uzito ni dalili za kifua kikuu, na makohozi yanapaswa kupimwa bila kusubiri, tena kwa mwalimu anayekaa na watoto chumba kimoja kutwa nzima. Ukiwa huko pimwa pia shinikizo la damu, sukari, wingi wa damu na tezi ya shingo. Mwambie daktari dawa zote unazotumia, kwa maana baadhi huondoa usingizi: prednisoloni, dawa za kuongeza mkojo zinapomezwa jioni, na dolutegravir iliyomo katika dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ambayo kwa baadhi ya watu huleta kukesha hadi inapohamishiwa asubuhi. Asiache mtu dawa kwa kusoma hapa. Saa ya kumeza inaweza kubadilishwa kwa ushauri.

Piritoni iache. Ni dawa ya mzio, na usinzizi wake ni athari ya pembeni ambayo mwili huizoea ndani ya siku chache, ndiyo maana vidonge viwili havikusaidii tena. Nusu ya dawa hiyo hubaki mwilini kwa takriban saa 20, kwa hiyo sehemu ya uzito wa kichwa unaousikia darasani hutoka humo. Unaweza kuiacha mara moja. Laiti ungekuwa umetumia diazepamu kwa majuma mengi ningekuambia tofauti, kwa kuwa hiyo hupunguzwa polepole chini ya daktari na kuiacha ghafla ni hatari.

Vidonge vya binamu yako viweke kabatini. Melatonini hufaa zaidi kwa mtu ambaye saa ya mwili imehama, kama aliyevuka mabara kwa ndege, na wataalamu wa usingizi wa Marekani mwaka 2017 hawakuipendekeza kwa tatizo kama lako. Mwaka huohuo watafiti wa Kanada walipima bidhaa 31 za melatonini na kukuta nyingine zina pungufu ya asilimia 83 na nyingine zimezidi kwa asilimia 478 kuliko kilichoandikwa kwenye lebo, kwa hiyo hatujui hasa ungekuwa unameza nini. Kungumanga ninaiheshimu katika pilau na katika chai ya maziwa. Kijiko kizima kinachosagwa ili mtu alewe usingizi ni sumu. Huleta mapigo ya moyo ya kasi, kichefuchefu na maruweruwe yanayoweza kudumu siku nzima. Mchaichai nimekupendekezea kwa sababu hauna kafeini, si kwa sababu unalaza: ulipojaribiwa kwa watu nchini Brazil, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986, haukuonesha nguvu ya kuleta usingizi. Najua ulipouliza njia ya asili ulitarajia jani au mzizi. Mwanga wa asubuhi, giza la usiku, uchovu halali wa siku nzima na saa moja ya kuamka ni vitu vya asili kuliko chochote kilichomo ndani ya chupa, na vimefanyiwa utafiti zaidi.

Kuna mambo machache ambayo ukiyaona hutakiwi kuendelea na mpango huu peke yako. Mwombe mumeo, au anayelala karibu nawe, asikilize kama unakoroma kwa nguvu kisha pumzi inakatika na kurudi kwa mkoromo wa kushtuka. Hiyo ni njia ya hewa inayoziba, na kuchelewa kulala hakuiponyi. Miguu inayowasha na kukulazimisha kuitikisatikisa jioni mara nyingi huendana na upungufu wa madini ya chuma, na kipimo cha damu kitaonesha. Na ikiwa kwa zaidi ya wiki 2 hakuna kinachokufurahisha, unalia bila sababu au unawaza kwamba ni heri usingekuwapo, basi kukosa usingizi ni mlango tu wa jambo kubwa zaidi, na ningependa uzungumze na daktari siku hiyohiyo.

Nunua daftari dogo. Kila asubuhi, kwa makadirio na bila kutazama saa usiku, andika ulipoingia kitandani, unapodhani ulilala, uliamka mara ngapi na kwa muda gani, na ulipoinuka. Siku 4 au 5 za mwanzo zitakuwa nzito, na huenda ukanikasirikia. Wengi huona usiku ukianza kushikamana kati ya wiki ya pili na ya nne, na matokeo kamili ndani ya wiki 6 hadi 8. Majibu ya vipimo yakitoka, niandikie tena ukiwa na majuma mawili ya daftari hilo, nami nitakuhesabia dakika za kuongeza.